Kabla Hujapiga Windows, Sikiliza Kwanza

Fundi aliinamisha sikio kwenye kompyuta yangu, akacheza faili moja kwa sekunde kumi hivi, akafunga. "Dada, hizi spika zimekufa. Elfu sitini, kesho jioni unachukua." Sikubishana naye. Wala siwezi kumlaumu kwa haraka yake, kwa sababu mimi mwenyewe nilishatoa hukumu chumbani kwa muda mfupi kuliko wake. Nilishaamua kwamba tatizo ni Linux. Mwenzangu wa chumbani naye aliamua kwamba tatizo ni mimi, ninayeng'ang'ania Linux wakati wenzangu wana Windows. Dawa yake ilikuwa ile ile tunayopeana hosteli nzima: "Piga Windows, utapona."

Wote watatu tulikosea, ingawa mwenzangu, kama utakavyoona, alikaribia.

Naomba nieleweke mapema. Siandiki kuitetea Linux, wala sina shida na anayetumia Windows. Hoja yangu ni kwamba hapa chuoni tunafundishwa majina ya vifaa vya kompyuta lakini hatufundishwi kutafuta kosa liko wapi. Na kwa sisi tunaosomea ualimu, pengo hilo haliishii kwenye kompyuta. Tunaenda nalo darasani.

Kilichokuwa hatarini

Mwaka huu wa tatu nafanya utafiti mdogo kuhusu namna walimu wa zamani walivyofundisha watoto kusoma. Niliwahoji walimu wastaafu tisa. Niliwarekodi kwa simu, simu ikajaa, nikahamishia mahojiano kwenye kompyuta na kufuta yale ya kwenye simu ili nipate nafasi. Ndiyo, najua. Sikuwa na nakala nyingine.

Mmoja wao ni mzee aliyefundisha darasa la kwanza zaidi ya miaka thelathini. Wiki chache baada ya mimi kuondoka kwake alipata kiharusi. Yupo hai, lakini hazungumzi. Kwa hiyo nilipokaa kunukuu mahojiano yake, nikasikia sauti inakwaruza na kukatikakatika karibu kila sentensi, sikuwaza kwanza habari ya spika. Niliwaza kwamba sina pa kurudi. Nilishaanza hata kumwandikia msimamizi wangu ujumbe wa kuomba nimwondoe mzee huyo kwenye utafiti, nibaki na wanane.

Kusema kweli, kilichoniokoa ni ufukara. Bumu lilikuwa halijatoka, elfu sitini sikuwa nayo. Nikarudi na kompyuta yangu chumbani, na kwa kuwa sikuwa na cha kununua, ikabidi nifikiri.

Swali moja kwa wakati

Nilianza na swali ambalo fundi hakuliuliza na mimi sikuliuliza: kosa liko kwenye faili, au kwenye kinacholicheza? Sauti ikirekodiwa kwa nguvu kupita kiasi, mawimbi yake hukatwa vichwa. Kwenye rekodi ya kawaida ya biti 16, kila kipimo cha wimbi lazima kiwe kati ya -32,768 na 32,767. Wimbi likitaka kupanda zaidi ya hapo halina pa kwenda. Linagonga dari na kubaki bapa. Rekodi ikikatwa namna hiyo, kilichokatwa hakirudi. Lakini kama kukatwa kunatokea wakati wa kucheza tu, faili lenyewe ni zima.

Nikaazima simu ya mwenzangu, nikahamishia lile faili, nikasikiliza. Sauti ya mzee ilikuwa safi. Jogoo wa jirani yake pia alikuwa safi. Nilikaa kitandani kwa muda nikamsikiliza tu, sikuandika kitu. Halafu kabla ya kufanya lolote lingine nikahamisha mafaili yote tisa kwenye flashi.

Swali la pili: je, ni spika? Nikachomeka hedifoni kwenye kompyuta. Mkwaruzo ukabaki vile vile. Spika zikipasuka, hedifoni haziwezi kujua kwamba zimepasuka. Hapo elfu sitini ikapona.

Swali la tatu: je, ni kadi ya sauti, yaani kifaa chenyewe ndani ya kompyuta? Ubuntu inaweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Nikaazima flashi ya namna hiyo kwa jamaa wa kitivo cha sayansi, nikaiwashia kompyuta yangu, nikacheza faili. Safi. Kompyuta ni ile ile, spika ni zile zile, Linux ni ile ile. Kwa hiyo fundi alikosea, na mimi niliyeisingizia Linux nilikosea pia.

Swali la nne ndilo lililoniuma. Kosa liko kwenye mfumo mzima uliowekwa kwenye diski, au kwenye mipangilio yangu mimi? Nikafungua akaunti mpya ya mtumiaji kwenye kompyuta hiyo hiyo, nikaingia, nikacheza faili. Safi tena. Nikarudi kwenye akaunti yangu, mkwaruzo huo. Kilichoharibika kilikuwa ndani ya folda yangu, na folda yangu huiandika mimi peke yangu.

Mkwaruzo una aina zake

Hapo ndipo nilipolazimika kusikiliza kwa makini, maana neno "inakwaruza" linabeba vitu vingi. Nikagundua kwamba nilikuwa nasikia vitu viwili tofauti.

Cha kwanza kilikuwa ukali uliotokea pale tu mzee alipopaza sauti au alipocheka. Hiyo ni dalili ya wimbi kugonga dari. Nikaangalia kiwango cha sauti: asilimia 130. Ubuntu ina swichi kwenye mipangilio inayoruhusu kuvuka asilimia 100, na niliiwasha mwenyewe miezi iliyopita kwa sababu hosteli ina kelele na spika zangu zina sauti ndogo. Nikashusha hadi 100. Ukali ukaondoka.

Lakini sauti iliendelea kukatika, "tk, tk, tk", hata mzee aliponong'ona. Na hapa nikiri kosa langu jingine: siku ya kwanza kabisa nilishawahi kushusha sauti, nikaona bado inakatika, nikasema "basi si volyumu", nikairudisha 130. Sikujua kwamba nina magonjwa mawili. Ukitibu moja kati ya mawili, mgonjwa bado anaumwa, na wewe unaitupa dawa iliyokuwa inafanya kazi. Kupungua si sawa na kutobadilika.

Hiyo "tk, tk" ilizidi kila nilipofungua kivinjari. Ili uelewe kwa nini, fikiria maji ya hosteli. Kompyuta haipeleki sauti kwa kadi kama bomba linalotiririka. Inachota kidogo kidogo na kujaza akiba, na kadi inanywa kutoka kwenye akiba hiyo bila kusimama. Ukichota kwa ndoo, hata ukichelewa kidogo kwenye foleni, wa nyumbani bado ana maji. Ukichota kwa kikombe, ukichelewa kidogo tu kikombe kimekauka. Kwenye sauti, kukauka huko ndiko kunakosikika kama "tk".

Ubuntu za sasa zina programu inayoitwa pw-top inayoonyesha uchotaji huo. Unaiandika kwenye terminali, inakuletea jedwali. Yangu ilionyesha kwamba inachota sampuli 64 kila safari, wakati sauti inatembea kwa sampuli 48,000 kwa sekunde. Piga hesabu: safari 750 kila sekunde, kwenye kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 4 na kivinjari chenye kurasa ishirini. Safu ya makosa, iliyoandikwa ERR, ilikuwa inapanda nikiwa naitazama.

Nani aliweka 64? Mimi. Muhula uliopita nilikuwa narekodi kwaya yetu, na waimbaji walikuwa wanajisikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa. Mtu akanitumia mistari minne ya mipangilio ya kupunguza ucheleweshaji, nikaibandika kwenye faili, ikafanya kazi siku ile, nikaisahau. Nikaifuta ile mistari, nikawasha upya huduma ya sauti, na kompyuta ikarudi kwenye uchotaji wake wa kawaida wa sampuli 1,024, yaani safari 47 hivi kwa sekunde. Kimya. Mzee akaendelea kusimulia.

Ndiyo maana nasema mwenzangu alikaribia. Tatizo lilikuwa mimi kweli, ila si kwa sababu aliyoitaja.

Wasomaji wenye dalili nyingine nisiwaache hewani. Kama unasikia "tk" moja tu sauti inapoanza na nyingine inapokoma, mara nyingi ni kadi ya sauti inayozimwa ili kuokoa umeme na kuamshwa tena. Mpangilio huo unaweza kuzimwa. Kama una hedifoni za Bluetooth na muziki unageuka kuwa kama sauti ya simu ya kijijini mara tu unapoingia kwenye kikao cha mtandaoni, hazijaharibika. Zimehama kutoka hali ya kusikiliza tu kwenda hali ya kusikiliza na kuongea, ambayo sauti yake ni finyu. Chagua maikrofoni ya kompyuta badala ya ile ya hedifoni, na usikivu utarudi. Na kama mngurumo unatokea kwenye besi tu, tena ukichomeka hedifoni unaondoka, hapo sasa mpelekee fundi. Spika huwa zinapasuka kweli.

Kwa nini ushauri unagongana

Utauliza, kwa nini usitafute tu mtandaoni? Nilitafuta. Nikapata ushauri wa kutosha kujaza daftari, na nusu yake ungeniongezea ugonjwa.

Sababu ni historia. Linus Torvalds alitangaza kerneli yake mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, umri wa miaka 21, mdogo kuliko mimi ninayeandika haya. Tangu wakati huo sauti kwenye Linux imejengwa kwa tabaka. Chini kabisa kuna ALSA, iliyomo ndani ya kerneli na inayozungumza na kadi yenyewe. Juu yake iliwekwa PulseAudio, ambayo Ubuntu iliianza na toleo la 8.04 mwaka 2008, ili programu nyingi ziweze kutoa sauti kwa pamoja. Baadaye ikaja PipeWire, na Ubuntu ikaifanya ya kawaida kwenye toleo la 22.10, mwaka 2022.

Kwa hiyo ushauri mzuri wa mwaka 2010 unagusa faili ambalo huenda kompyuta yako ya leo hailisomi kabisa. Ukiubandika, hakuna kinachobadilika, au kinabadilika kitu kingine. Ndiyo maana hatua ya kwanza kabla ya kubandika chochote ni kujua una nini: andika pactl info na usome mstari unaotaja seva ya sauti. Daktari hakuandikii dozi kabla hajajua uzito wako.

Hoja ya wenzangu wa "piga Windows"

Nitawatendea haki. Wanasema: dada, umepoteza siku mbili. Ungefuta kila kitu na kuweka upya, ndani ya saa moja ungekuwa unasikiliza. Na mimi nakubali kwamba huenda ingekuwa hivyo. Ukifuta kila kitu, kosa nalo linafutika.

Lakini angalia kinachofutika pamoja nalo. Siku ile mahojiano tisa yalikuwa kwenye diski hiyo tu. Na hata kama ningeyahamisha, nilikuwa nimepanga kunakili folda yangu nzima na kuirudisha baada ya kuweka Ubuntu upya. Ile mistari minne ilikuwa ndani ya folda hiyo. Ningerudisha ugonjwa pamoja na nguo, kisha ningeapa mbele ya watu kwamba "nimepiga upya kabisa na bado", na fundi angeniuzia spika.

La pili ni hili: dawa ikifanya kazi bila wewe kujua ilifanya nini, unajifunza uongo. Ningehamia Windows, sauti ingekuwa safi, na mpaka leo ningekuwa naimba kwamba Linux ina matatizo ya sauti. Kesho kompyuta ya Windows ingekwaruza kwa sababu ya volyumu au hedifoni, nami ningehama tena.

Sisemi kila mwanachuo awe fundi. Mwenye wasilisho kesho saa mbili asubuhi aazime kompyuta ya mwenzake, alale. Wala sidharau mafundi. Wengi wanajua kazi kuliko sisi. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye digrii anapaswa kuweza kufika kwa fundi akasema, "Kwenye hedifoni pia inakwaruza, ila nikiwasha kwa flashi haikwaruzi." Sentensi hiyo inaokoa pesa, na inamsaidia fundi mwenyewe.

Tunachokwenda nacho darasani

Wenzangu wa elimu, fikirieni mwanafunzi anayeandika kwamba 0.5 + 0.25 = 0.30. Wengi wetu tukiwa kwenye mazoezi ya kufundisha tutaweka mkasi mwekundu, tutaandika "rudia", na kwenye chumba cha walimu tutasema mtoto ni mzito. Hiyo ndiyo "spika zimekufa". Tumesikiliza sekunde kumi, tumetaja kifaa.

Lakini mtoto yule hakubahatisha. Amejumlisha 5 na 25 akapata 30, akarudisha nukta mbele. Ana kanuni, na kanuni yake inampa jibu sahihi kila namba zinapokuwa na tarakimu sawa baada ya nukta na jumla yake haifiki 1. Ukimpa 0.5 + 0.2 atapata, ukimpa 0.50 + 0.25 atapata pia. Mpe maswali hayo matatu kwa mpangilio, ukibadilisha kitu kimoja tu kila mara, utaliona kosa limekaa wapi. Kumwambia "rudia" ni sawa na kupiga Windows upya na kurudisha folda ile ile.

Jambo hili sikulitoa kitabuni. Ni yule mzee. Dakika ya ishirini na kitu ya mahojiano, mahali ambapo kompyuta yangu ilikuwa inakatika kuliko kote, anaeleza kwamba hakuwahi kumwekea mtoto mkasi kabla ya kumwambia amsomee kwa sauti namna alivyofikiri. Anasema mara nyingi mtoto alikuwa amekosea sehemu ndogo tu, na penginepo mwalimu ndiye aliyeipanda. Nilikuwa nusura niyaache maneno hayo nje ya utafiti kwa kudhani rekodi ni mbovu.

Nini kifanyike

Tunahimizwa kila siku kuhusu mtaala wa umahiri. Halafu kozi yetu ya utangulizi wa kompyuta inatuuliza kwenye mtihani tutaje vifaa vitano vya kuingizia taarifa. Naomba wahadhiri watupe kompyuta iliyoharibiwa kwa makusudi: sauti iliyoelekezwa kwenye tundu lisilo na spika, volyumu iliyovuka kiwango, waya uliolegea. Tupewe dakika thelathini, na alama zitolewe kwa hatua tulizopita, hata kama hatukulifikia jibu. Gharama yake ni ndogo sana.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi, ombi langu ni meza moja, viti vinne na soketi ya umeme inayofanya kazi, kila Jumamosi asubuhi. Wa sayansi ya kompyuta wakae na sisi wa kozi nyingine. Sheria ya meza iwe moja tu: hakuna anayekutengenezea, mnatafuta pamoja, na mwenye kompyuta ndiye anayebonyeza.

Na kwako msomaji, mambo matatu ambayo hayahitaji bajeti wala kikao. Hamisha mafaili yako muhimu mahali pa pili leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, usikilize, ndipo ubadilishe kingine. Na kila unapobandika mipangilio ya mtu mwingine, andika tarehe na ulichobandika kwenye daftari, maana miezi mitatu ijayo wewe ndiye utakayekuwa unaitafuta.

Ule ujumbe kwa msimamizi niliufuta. Mzee amebaki kwenye utafiti, na mahojiano yake ndiyo marefu kuliko yote. Wiki iliyopita mtoto wake aliniomba nakala ya sauti ya baba yake, wawe nayo nyumbani. Niliisikiliza yote kwanza, mwanzo hadi mwisho, kwenye spika zile zile za elfu sitini, ndipo nikamtumia.